Maswali na Majibu: Anayenunua Kifaa Siye Anayelipa LUKU

Ujumbe ni mwingi mwezi huu. Wenye malalamiko ya nguzo iliyoanguka na transfoma iliyoungua nimewaweka pembeni. Hao waende ofisi ya wilaya yao wakiwa na namba ya taarifa mkononi. Nimechagua maswali yanayogusa Mkakati wa Taifa wa Matumizi Bora ya Nishati wa 2024–2034, maana naona wengi wanaousikia wanadhani ni tangazo la kuzima taa.

Huu mkakati na ule wa nishati safi ya kupikia si kitu kimoja? (Msomaji, Morogoro)

Si kimoja, na hili nimeshalijibu. Wa kupikia ulizinduliwa na Rais Samia Mei 2024, na lengo lake kila mtu amelikariri: ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi jikoni. Wa matumizi bora ulizinduliwa Arusha Desemba mwaka huohuo, na Dk. Doto Biteko, wakati huo Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Nishati. Huu wa pili unahusu kila mahali nishati inapoliwa: kiwandani, kwenye majengo, barabarani, nyumbani, na kwenye mitambo ya umeme yenyewe. Wa kwanza una majiko na mitungi ya ruzuku ya kugawa mbele ya kamera, ndiyo maana mnaujua. Wa pili hauna cha kugawa. Kazi yake ni kuhakikisha uniti moja ya umeme inafanya kazi kubwa kuliko inavyofanya leo, na hilo halina picha.

Niseme mapema msimamo wangu, ili asiyeutaka aruke safu hii. Umeme mwingi nchini haupotei kwa uzembe wa kutozima taa. Unapotea kwa sababu mtu mmoja alinunua friji, kiyoyozi, mota au nyumba kwa bei ya chini, na mtu mwingine ndiye anayelipia umeme wake kwa miaka kumi. Mkakati wowote usiogusa hapo utaishia kwenye semina.

LUKU yangu inakula sana siku hizi. Nifanyeje? (wengi mno, mikoa yote)

Mkiniandikia hivi bila kusema mna vifaa gani, mnanunua uniti ngapi kwa mwezi na mko kundi gani la bei, mnataka nipige ramli. Mara ya mwisho najibu swali la namna hii.

Zima kila kitu ndani, chomoa plagi zote, kisha kaitazame mita yako ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Kama bado inahesabu, umeme unavuja kwenye nyaya au kuna jirani anayekula kwako. Ita fundi mwenye leseni. Kama imetulia, mla umeme yumo ndani na mara nyingi yuko bafuni. Ile shawa ya umeme inayochemsha maji papo hapo inaweza kuvuta wati 5,000. Watu wanne, dakika kumi kila mmoja, ni zaidi ya uniti 3 kwa siku, yaani uniti 100 kwa mwezi za kuogea tu. Kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti ni 35,600. Na kabla ya kuitukana mita, kumbukeni kwamba kodi ya jengo nayo inakatwa humohumo kwenye tokeni. Hiyo haina uhusiano wowote na uniti mnazotumia.

Kuna kifaa unachomeka ukutani kinapunguza umeme nusu. Ninunue? (Msomaji, Kahama)

Usinunue, na kama kuna aliyemuuzia jirani yako, mwambieni arudishe hela. Sababu utaikuta chini, kwa mwenye kinu.

Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Mwaka 2024 tuliambiwa mitambo inazimwa kwa sababu umeme umezidi. Sasa tubane matumizi kwa faida ya nani? (Msomaji, Kibaha)

Hakuna aliyekuambia ubane. Oga maji ya moto, washa feni usiku kucha, piga pasi shuka zote. Ninachouliza ni kwa nini ulipe uniti mbili kwa kazi ya uniti moja.

Ni kweli, bwawa lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, na Machi 2024 vituo vingine vya maji vilizimwa kwa muda kwa sababu mvua zilikuwa kubwa na umeme ukazidi mahitaji. Lakini sisi ni wepesi wa kusahau. Miezi michache tu kabla ya hapo, kuanzia Septemba 2023, tulikuwa kwenye mgao, watu wakipanga foleni ya jenereta na saluni zikifungwa saa sita mchana. Nchi ileile ilitoka kwenye upungufu hadi ziada ndani ya nusu mwaka, na kilichobadilika ni mashine mpya na mvua. Mashine zitabaki. Mvua haijasaini mkataba na mtu.

Halafu kuna jambo la umbali. Umeme unazalishwa Rufiji, mlaji yuko Arusha na Moshi. Machi 2025 serikali iliposema inafikiria kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, watu walipandwa na hasira: tuna bwawa, tununue nje kwa nini? Maelezo yaliyotolewa ni kwamba kuusafirisha umeme wetu wenyewe hadi kaskazini kunatupotezea kiasi cha shilingi bilioni 32 kila mwaka njiani. Kelele zote zikawa za Ethiopia. Zile bilioni 32 hazikuzua mjadala wowote, na ndizo zilizokuwa habari yenyewe.

Katika gridi nzima, zaidi ya sehemu moja kati ya kila kumi ya umeme unaozalishwa haifiki kwenye mita ya mtu yeyote. Nyingine inapotea kama joto kwenye nyaya ndefu na transfoma zilizoelemewa, nyingine inaibwa. Kwa hiyo anayeokoa uniti moja kule Moshi ameokoa uniti moja na kipande. Ndiyo maana nasema TANESCO, shirika la umeme lenyewe, wawe wa kwanza kwenye orodha ya mkakati huu, kabla ya mama mwenye taa tatu na redio. Laini mpya na transfoma za mitaa zilizopimwa vizuri ni matumizi bora ya nishati kama taa ya LED ilivyo, tena kwa ukubwa usiolinganishika.

Na ziada hiyo haitadumu. Treni ya SGR inakimbia kwa umeme, vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na sasa ni zamu ya vitongoji, migodi inataka kuachana na dizeli. Bwawa limetugharimu zaidi ya shilingi trilioni 6.5. Ukitumia ovyo ulichonacho, bwawa la pili utalijenga mapema kuliko ilivyohitajika, na wa kulilipa ni wewe uliyeuliza.

Nimesikia matangazo nikanunua jiko la presha la umeme. Maharage yanaiva haraka kweli, lakini mume wangu anasema tutafukuzwa kwenye bei ya uniti 75. Nani yuko sahihi? (Mama wa watoto watatu, Tabata)

Dada yangu, wewe na mumeo wote mko sahihi, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote katika safu hii. Kaa nikupigie hesabu.

Jiko la presha la umeme ni moja ya vitu vichache vinavyotangazwa na vikawa kweli. Limefunikwa, halipotezi mvuke, likifika joto linajikata. Nusu kilo ya maharage inaiva kwa chini ya nusu uniti. Kwa bei yako ya sasa hiyo ni chini ya shilingi 61. Mkaa wa kuivisha maharage hayohayo unaujua bei yake kuliko mimi. Jiko la umeme la kawaida, lile la sahani nyekundu, halina sifa hiyo. Msivichanganye vitu hivi viwili kisha mkasema umeme ni ghali.

Sasa bei. Kundi la D1, la wenye matumizi madogo, linalipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 inakuwa 122. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni 350, yaani 427 pamoja na makato. Ukizoea kuvuka, unahamishiwa T1, kundi la matumizi ya kawaida, na huko kila uniti, kuanzia ya kwanza kabisa, ni 292, yaani 356.

Tuseme unapika kwa umeme kila siku, uniti moja na nusu. Kwa mwezi ni 45. Friji nzuri, 24. Taa, televisheni, simu na pasi, 15. Jumla 84. Umevuka kwa uniti 9 tu. Ukiwa bado D1 utalipa 9,150 za mwanzo na 3,843 za ziada, jumla 12,993. Ukihamishiwa T1, uniti zilezile 84 zitakugharimu 29,904. Umetii mkakati wa kupikia, umenunua jiko sahihi, na zawadi yako ni bili iliyozidi maradufu.

Bei hizi zilianza 2016. Wakati ule uniti 75 zilikusudiwa nyumba ya taa na redio, na hakuna aliyekuwa anamhimiza mtu wa D1 apikie umeme. Leo tunamhimiza kwa mabango barabarani. Mikakati miwili ya miaka kumi imezinduliwa mwaka mmoja, yote ikiishia 2034, na bei ya umeme inayoitawala yote miwili imeachwa palepale. EWURA ndiyo inayopanga bei. Hapo ndipo pa kupeleka hoja, na nawaomba wabunge wetu waache kuuliza mitungi mingapi imegawiwa jimboni, waulize lini kiwango cha uniti 75 kitapandishwa kwa anayepikia umeme.

Kwa sasa, fanya hivi: pikia jiko la presha vyakula vya muda mrefu, maharage, makande, nyama ngumu, kongoro. Chai na mayai acha gesi ifanye. Utabaki chini ya 75 bila kurudi kwenye mkaa. Na litazame friji lako. Lile kuukuu la milango miwili linaweza kula uniti 2 kwa siku, uniti 60 kwa mwezi, hapo umebakiwa na 15 za maisha yako yote. Watu wengi wanaodhani wamefukuzwa D1 na jiko, walifukuzwa na friji.

Tupo wapangaji sita, LUKU moja. Kila mwezi ugomvi. Baba mwenye nyumba anasema anayetumia friji aongeze elfu kumi. Ni haki? (Mpangaji, Mbagala)

Haki mnayoitafuta haimo kwenye hiyo elfu kumi. Nyumba yenye wapangaji sita kwenye mita moja haiwezi kubaki D1 hata mkilala gizani, kwa hiyo nyote mnalipa 356 kwa uniti wakati kila mmoja peke yake angelipa 122. Mwenye taa mbili anamlipia mwenye friji, mwenye friji anamlipia anayechaji bodaboda ya jirani, na baba mwenye nyumba halipi hata senti. Yeye hana sababu ya kubadilisha taa, kurekebisha waya unaovuja wala kuleta mita nyingine.

Gharama ya kuunganishiwa mita ya njia moja mjini, bila kuhitaji nguzo, ni 320,960. Mkikaa miezi kumi mkigombana mmeshaipoteza. Mwambieni mzee kwa adabu kwamba mko tayari kuchangia na kukatwa kwenye kodi. Akikataa, wekeni mita ndogo za ndani, kila chumba na yake. Hazitawarudisha D1, ila ugomvi utaisha. Mkakati wa taifa ukiniuliza mimi, ungeanza na sharti kwamba nyumba ya kupangisha isipate kibali cha ujenzi bila nafasi ya mita kwa kila mpangaji. Hakuna semina ya elimu kwa umma itakayomfanya mpangaji aokoe umeme ambao faida yake inakwenda chumba cha pili.

Hapa kwetu ofisini Dodoma viyoyozi vinawaka hata wikiendi, nyuzi 16, watu wamevaa makoti. Mtumishi wa kawaida nifanye nini? (Jina nalihifadhi)

Dodoma! Mji ambao Juni jioni watu wanatafuta sweta. Nimekaa kwenye ofisi za umma zenye kuta za vioo upande wa magharibi, jua la saa tisa linaingia kama limealikwa, mapazia yameshushwa, taa zimewashwa mchana kwa sababu mapazia yameshushwa, na kiyoyozi kinapambana na kioo. Jengo la namna hiyo limeshakosea kabla ya mtumishi wa kwanza kuingia. Wazee wa Tanga na Unguja walijenga kuta nene, dari za juu na baraza la kuzuia jua, na hawakuwa na mkakati wowote wa miaka kumi.

Wewe unaweza kuomba nyuzi 24 au 25 na kuzima Ijumaa. Fanya hivyo. Lakini tatizo lako lilianzia kwenye zabuni. Ofisi inatangaza inataka viyoyozi arobaini vya BTU 12,000, anayeleta bei ya chini anashinda. Hakuna anayeuliza kila kimoja kitakula uniti ngapi kwa mwaka, kwa sababu fungu la kununua vifaa na fungu la kulipia umeme viko kwenye meza mbili tofauti. Cha inverta, kinachopunguza kasi yake chumba kikishapoa, kingekuwa ghali kidogo siku ya kununua na kingekula umeme pungufu sana kila siku ya kutumika. Mnunuzi akisifiwa kwa kuokoa milioni tano kwenye zabuni, hakuna atakayemtafuta miaka mitatu baadaye bili ilipozimeza.

Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote nchini. Ikiweka tu kwenye masharti ya zabuni zake kwamba bei itakayoshindanishwa ni ya kununua pamoja na umeme wa miaka mitano, waagizaji wa Kariakoo wataleta vifaa bora bila kuhubiriwa, na sisi wengine tutavikuta dukani. Mwaka 2024 ilianza vizuri upande wa mkaa: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliambiwa ziache kuni na mkaa. Amri kama ile ielekezwe na kwenye viyoyozi vyao wenyewe.

Mwandishi, sisi Kenya tulipata mkakati wetu 2020. Naona mnajisifu kwa jambo tulilolizoea. (Mhasibu wa kiwanda, Thika)

Sijisifu, nawaonea wivu. Ninyi mna kitu ambacho mkakati mtupu hauwezi kuwa nacho: kanuni yenye namba. Tangu 2012, kituo chochote Kenya kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kinatakiwa kifanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu, na kifikie angalau nusu ya akiba ya nishati iliyopendekezwa na mkaguzi. Mna kanuni za lebo za vifaa tangu 2016, nyota kwenye mlango wa friji. Mwaka 2010 mligawa taa za kuokoa umeme zaidi ya milioni moja kubadilisha balbu za zamani.

Sasa nikuulize wewe mhasibu: ripoti ya mwisho ya ukaguzi ya kiwanda chenu iko wapi? Nusu ya akiba hiyo imepatikana, au ripoti imefungiwa kwenye kabati ikisubiri mkaguzi anayefuata aandike yaleyale? Kanuni isiyo na mtu wa kuifuatilia inalea washauri wa kuandika ripoti. Tunapotunga za kwetu, hilo ndilo tujifunze kwenu. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Dubai, Desemba 2023, nchi ziliahidi kuongeza maradufu kasi ya dunia ya kuboresha matumizi ya nishati, kutoka kama asilimia 2 kwa mwaka hadi zaidi ya 4, kila mwaka hadi 2030. Hakuna atakayejua kama tumefika ikiwa viwanda havipimwi.

Mota ya kinu chetu cha kusaga imeungua mara ya tatu. Kuisuka upya ni nafuu kuliko kununua. Fundi wangu ni mzuri. (Mwenye kinu, Makambako)

Kila mota ikisukwa upya vibaya hupoteza ufanisi kidogo, na ikisukwa mara tatu na fundi anayechoma nyaya za zamani kwa moto wa kuni, chuma chake cha ndani hakirudi kuwa kilekile. Mota ya kinu inayofanya kazi kutwa hula umeme wa thamani ya bei yake ndani ya miezi, wala si miaka. Piga hesabu hiyo kwanza. Na muulize fundi wako kwa nini inaungua: mara tatu si bahati mbaya, ni fezi moja inayopotea, mota ndogo kuliko kinu, au beringi zilizokufa.

Nyongeza kwa wenye mashine kubwa mlioko kundi la bei la T2, ambayo hukuiuliza. Pamoja na uniti mnalipa shilingi 15,004 kwa kila kVA ya kilele cha mwezi, yaani mvuto wenu mkubwa kuliko yote, ukijumlisha na umeme usiofanya kazi. Kiwanda cha kilowati 100 chenye pawa fakta (sehemu ya mvuto inayofanya kazi kweli) ya 0.7 kinahesabiwa kVA 143. Kikifunga kapasita, kifaa cha kurekebisha hilo, na kufika 0.95, kinahesabiwa 105. Tofauti inazidi shilingi 560,000 kwa mwezi kabla ya kodi, na uzalishaji haujapungua hata kilo. Kapasita za namna hiyo hujilipa haraka mno, na bado nakutana na wenye viwanda ambao hawajawahi kuusoma ule mstari wa kVA kwenye ankara yao. Wauza viboksi vya ukutani wameiba habari hii ya viwandani wakaipeleka nyumbani, ambako hakuna anayelipa kVA. Msomaji wa Kahama, sasa umeelewa?

Nipo Muscat, natuma kontena nyumbani Zanzibar. Niweke friji na AC zilizotumika? Huku zinauzwa bei ya kutupa. (Msomaji, Muscat)

Umeme wa Oman na wa kwetu unaendana, kwa hiyo vitawaka. Walioko Marekani na Kanada wasijaribu: huko ni volti 120 na hertzi 60.

Lakini jiulize kwa nini vinatupwa. AC iliyofanya kazi miaka kumi katika joto la Muscat imechoka kuliko punda wa bandarini, na huenda bado inatumia gesi ya R22 ambayo dunia inaiondoa. Ghana walikuwa wanapokea mafriji ya Ulaya kwa makontena. Mwaka 2013 wakafunga mlango kwa yaliyotumika, maana waligundua nchi maskini ndiyo iliyokuwa inalipia umeme wa mashine ambazo matajiri wamezikataa kwa ulaji wake. Tofauti ya friji la uniti 2 kwa siku na la uniti 0.8 kwa bei ya T1 ya Bara ni kama 12,800 kwa mwezi, zaidi ya 150,000 kwa mwaka. Zawadi gani hiyo unayompelekea mama alipie kila mwezi? Mtumie hela anunue jipya dogo.

Zanzibar tuna wizara yetu na mdhibiti wetu wa nishati, ZURA. Mkakati wa Bara unatuhusu nini? (Mwenye nyumba ya wageni, Paje)

Kikanuni, mna njia yenu. Kiuhalisia, umeme wenu unapita baharini. Waya wa Ras Kiromoni hadi Fumba, uliowashwa 2013, una uwezo wa megawati 100, na watu wa Unguja wanakumbuka miezi ya giza kuanzia Desemba 2009 waya wa zamani ulipokufa. Mahali pengine uzembe wa matumizi unaonekana kwenye bili tu. Kwenu unaonekana pia kwenye urefu wa muda kabla ya kuhitaji waya mwingine wa mabilioni. Ninyi wa hoteli ndio mnaowasha viyoyozi milango ikiwa wazi ili mgeni akute chumba cha baridi. Swichi ya kadi mlangoni, hita ya maji ya jua juu ya paa, makuti au rangi nyeupe juu ya bati. Kwa upepo wa Paje, nusu ya mwaka feni ya dari ingetosha, kama mjenzi asingeziba madirisha.

Nikifunga sola, haya yote hayanihusu, sivyo? (Msomaji, Singida)

Yanakuhusu zaidi. Kila wati ya friji bovu utainunulia paneli na betri.

Chaja ya simu ikiachwa ukutani bila simu inakula umeme kiasi gani? Mke wangu ananigombeza kila siku. (Msomaji, Mwanza)

Kidogo sana, hakiwezi kuvunja ndoa. Mwambie shemeji yangu agombane na king'amuzi. Vingi, ukivizima kwa rimoti, vinaendelea kula karibu sawa na vikiwashwa. Wati 10 usiku na mchana ni uniti 7 kwa mwezi, sehemu ya kumi hivi ya zile 75 zenu. Kizimeni kwenye swichi ya ukutani mkienda kulala.